Kwa nini picha ghafi hufunguka kama chenga

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi aliniletea flashi yenye mafaili mia nne na ushee ya sendofu. Miaka yote alikuwa akipiga kwa JPEG. Safari hii alishauriwa apige kwa RAW, akatii, kisha kompyuta ikamgomea. Alipofungua faili la kwanza kwenye GIMP yake ya zamani, programu ya bure ya kuhariri picha, alipata kapicha kadogo kama stempu ya barua. Akapakua toleo jipya. Hilo likamjibu kwamba halina kisomaji cha mafaili ya Nikon. Ndipo akaona, katika orodha ya aina za mafaili, maneno yenye maana ya "data ghafi ya picha". Akajisemea, si ndiyo hii hii? Akaichagua. Programu ikamuuliza upana, kimo, aina ya rangi na mahali pa kuanzia kusoma. Akakisia, akabonyeza, na bibi harusi akatokea akiwa chenga tupu, kama televisheni iliyopoteza mawimbi.

Huo haukuwa uzembe wake. Alinaswa na neno moja lililobebeshwa mizigo miwili. Wapiga picha wakisema RAW wanamaanisha faili la kamera: NEF la Nikon, CR2 au CR3 la Canon, ARW la Sony, RAF la Fujifilm. Waandishi wa programu wakisema data ghafi ya picha wanamaanisha kitu kingine kabisa, yaani namba za pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, zilizopangwa foleni bila maelezo yoyote. Faili la kamera limejaa maelezo pomoni, ila rangi zake hazijakamilika. Data ghafi mara nyingi ina rangi kamili, ila maelezo ndiyo hayamo. Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Namba zisizo na maelezo

Nianze na data ghafi, maana ukiielewa hiyo, faili la kamera halitakupa taabu.

Ndani ya kompyuta picha ni foleni moja ndefu ya namba. Haina mistari wala pembe nne. Vitu hivyo huzaliwa pale programu inapoambiwa ihesabu pikseli 640, kisha ishuke mstari wa chini, na kuendelea hivyo. JPEG, PNG na TIFF hubeba agizo hilo, kwa kawaida mwanzoni, katika sehemu iitwayo kichwa cha faili: upana huu, kimo hiki, rangi tatu, biti nane. Data ghafi haina kichwa. Ni sawa na kupewa ukili mrefu uliosukwa kwa nakshi, uukate vipande na kuvishona ubavu kwa ubavu upate mkeka, na msusi hakukuachia kipimo. Ukikata panapostahili, maua yanakutana. Ukipunja kila kipande upana wa kidole, kila ua linamkwepa mwenzake na nakshi yote inalala upande.

Kipimo kilichopotea huweza kutafutwa kwa hesabu za shule ya msingi. Upana, mara kimo, mara idadi ya rangi, mara baiti za kila rangi, ndio ukubwa wa faili. Chukua picha ya 640 kwa 480. Ikiwa ya kijivu na kila pikseli ina baiti moja, faili litakuwa na baiti 307,200. Kijivu cha biti 16, yaani baiti mbili, maana kila baiti ni biti nane, kitalifanya liwe 614,400. Rangi tatu za biti nane zitalifikisha 921,600. Kwa hiyo kabla ya kujaza chochote katika lile dirisha la maswali, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, tazama ukubwa wake kwa baiti kamili, si kwa megabaiti zilizokadiriwa, na uanze kuzidisha.

Na ukikuta 921,654? Baiti 54 zimezidi. Hiyo ni alama ya BMP, aina ya zamani ya picha za Windows ambayo kichwa chake cha kawaida kina baiti 54. Ukitaka kujifunza bila kuharibu kitu, tengeneza BMP ya ukubwa huo na uifungue kwa nguvu kama data ghafi. Katika nafasi inayouliza mahali pa kuanzia, andika 54. Picha itatokea imepinduka miguu juu, kwa sababu BMP kwa kawaida huhifadhi mistari kuanzia ya chini, na nyekundu na bluu zitakuwa zimebadilishana, kwa sababu BMP huandika bluu kwanza. Nimewaonyesha watu kadhaa zoezi hili na sijapata lililo fupi zaidi ya hapo. Ndani ya dakika tano mtu anaona kwa macho yake kwamba faili na picha si kitu kimoja.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa mlima. Februari 2000 chombo cha anga za juu Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada vimo vya nchi kavu, katika kazi iliyopewa jina SRTM. Vipimo hivyo viligawanywa katika mafaili, kila moja likifunika digrii moja ya latitudo kwa digrii moja ya longitudo, na jina la faili hutaja kona yake ya kusini-magharibi. S04E037.hgt huanzia digrii 4 kusini na digrii 37 mashariki. Ndani yake umo Kilimanjaro.

Faili hilo halina neno hata moja. Halina jina la mlima, tarehe wala upana. Lina vimo kwa mita, kimoja baada ya kingine, kuanzia kona ya kaskazini-magharibi na kushuka mstari kwa mstari. Katika toleo lenye vipimo vichache kuna mistari 1201, kila mstari una vimo 1201, na kila kimo kinachukua baiti 2. Zidisha upate 2,884,802, na huo ndio ukubwa wa faili bila baiti moja kuzidi wala kupungua. Toleo lenye vipimo vingi lina 3601 kwa 3601, yaani baiti 25,934,402. Matoleo ya GIMP kuanzia 2.10 yanayatambua mafaili haya yenyewe, lakini unaweza kuyalazimisha yafunguke kama data ghafi ili uone kinachotokea.

Andika upana 1200 badala ya 1201. Kila mstari utaanza pikseli moja kabla ya wakati wake, na kosa linajilimbikiza kadiri unavyoshuka, hadi mlima mzima unalala kimshazari. Ukiona picha imelala namna hiyo, furahi: aina ya rangi na idadi ya biti umezipatia, kilichobaki ni kuongeza au kupunguza upana kidogo kidogo mpaka isimame wima.

Sasa rudisha 1201, ila ukosee mpangilio wa baiti. Kwa kuwa kila kimo kina baiti mbili, lazima ijulikane ipi ni ya kwanza: ile kubwa au ile ndogo. Tuchukue kimo kinachofundishwa shuleni, mita 5895. Kwa baiti kinaandikwa 23 na 7, kwa maana 23 mara 256, ongeza 7. Ukizisoma kinyume, 7 mara 256 ongeza 23, unapata 1815. Kilele kimeporomoka mita elfu nne. Kibaya zaidi ni kinachowapata majirani: mita 5896, ambayo ni 23 na 8, inasomeka 2071. Hatua ya mita moja imekuwa ukuta wa mita 256. Ndiyo sababu mpangilio wa baiti ukikosewa huoni mlima uliofifia tu, unaona michirizi inayozunguka kwa fujo, na ndani ya fujo hiyo umbo la mlima bado linachungulia. Mafaili ya SRTM huanza na baiti kubwa. Photoshop, katika dirisha lake la data ghafi, huita mpangilio huo Mac na kinyume chake IBM PC. Majina hayo yalibaki tangu enzi za prosesa za zamani za Macintosh, na kompyuta za Mac za leo hazifuati tena mpangilio unaobeba jina lao.

Umepatia yote na picha bado ni nyeusi? Haijaharibika. Namba ya biti 16 inaweza kufika 65,535, na kilele chetu ni 5895, kama asilimia 9 tu ya kipimo chote. Fungua chombo cha ngazi za mwanga, vuta ncha ya kulia kuelekea kushoto hadi zinapoishia namba, na kilele cha Kibo kitatoka gizani. Katika matoleo ya awali utaona pia mabaka yasiyo na maana, yaliyoachwa pale ambapo rada haikupata jibu. Waliyajaza namba hasi 32,768 kama alama ya "hapajulikani", na programu isiyotarajia namba hasi huisoma kama 32,768 ya kawaida.

Mtu wa harusi anaweza kuuliza Kilimanjaro inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu maswali yote manne ya lile dirisha yana majibu yanayohesabika, na kwa faili lake la Nikon hakuna hata jibu moja ambalo lingemsaidia. Angejaza namba sahihi usiku kucha, angekesha na chenga.

Kamera haijapiga picha bado

Kihisio cha kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, hakioni rangi. Kila kijisehemu chake kinajua jambo moja, nalo ni kiasi cha mwanga kilichopokea. Ili rangi ipatikane, kila kijisehemu hufunikwa kichujio kidogo cha rangi moja. Mpangilio unaotumiwa na kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1976: katika kila kikundi cha vijisehemu vinne, viwili vina kichujio cha kijani, kimoja chekundu na kimoja cha bluu. Kijani kilipewa nafasi mbili kwa sababu jicho la binadamu hupata undani mwingi wa picha kupitia kijani. Fujifilm katika kamera zake nyingi hupanga kivyake, kwa vikundi vya sita kwa sita, lakini msingi haubadiliki.

Kamera ya megapikseli 24 basi ina vipimo milioni 12 vya kijani, milioni 6 vya nyekundu na milioni 6 vya bluu. Picha kamili inataka rangi zote tatu katika kila pikseli, yaani namba milioni 72. Zilizopimwa ni milioni 24. Theluthi mbili zilizobaki hukisiwa kwa kutazama majirani: hapa palipimwa kijani 900, kushoto na kulia nyekundu ni 400 na 420, basi nyekundu ya hapa itakuwa karibu 410. Programu nzuri hufanya hivyo kwa werevu zaidi, ikichunguza kama kuna ukingo wa kitu unaopita hapo ili isichanganye rangi ya shela na rangi ya ukuta. Ukipiga JPEG, kamera hufanya ukisiaji huo ndani yake kwa kitambo kidogo, inatupa vipimo vya asili na kukupa matokeo. Ukipiga RAW, inakukabidhi vipimo vyenyewe. Ndiyo maana nasema faili la RAW si picha. Ni daftari la vipimo, na picha hutengenezwa siku utakapolifungua.

Kufungua huko kuna hatua nyingine ambazo mtumiaji hazioni. Kihisio hata kikiwa gizani kabisa hakisomi sifuri, hivyo kiasi fulani hupunguzwa kwanza ili weusi uwe weusi. Kisha nyekundu na bluu huzidishwa ili zilingane na kijani. Hii ndiyo mizani ya weupe, na picha isiyopitia hatua hii huwa ya kijani kama maji ya bwawa. Baada ya ukisiaji, rangi za kamera hutafsiriwa kuwa rangi za kawaida za skrini, kwa jedwali la namba ambalo ni tofauti kwa kila modeli. Mwisho kabisa ni mwanga. Kihisio huhesabu kwa unyoofu, mwanga ukiongezeka mara mbili, namba inaongezeka mara mbili. Macho yetu hayako hivyo, kwa hiyo programu huinua sehemu za katikati kwa mkunjo maalumu, la sivyo ungeona ukumbi wa harusi kama pango.

Unyoofu huo una jambo ambalo kila mpiga picha wa kwetu anapaswa kulijua. Kamera ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ina 256 kwa kila rangi. Lakini ngazi hizo hazikugawanywa sawa. Wapiga picha huuhesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili ya ule wa chini yake. Stopu ya juu kabisa, ile ya shela linalong'aa, inachukua nusu yake, yaani 8,192. Stopu iliyo chini yake inapata 4,096, inayofuata 2,048, na kadhalika, hadi gizani kunabaki vijingazi vichache. Sasa mtazame bwana harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya suti nyeusi, kando yake bibi harusi aliyevaa shela jeupe, na taa za ukumbi zinabadilika rangi kila sekunde. Uso wake uko chini huko kwenye ngazi chache. Katika JPEG ukijaribu kuuinua unapata mabaka na rangi ya majivu. Katika RAW mara nyingi bado kuna cha kuinua. Kwa maoni yangu, ni hapo, kwenye nyuso zetu, RAW inapostahili usumbufu wake wote. Ila haifufui kilichokufa: kijisehemu kilichojaa mwanga hadi kikomo hakikumbuki kingine chochote, na nakshi za shela zilizoungua zimekwenda.

Rudi sasa kwenye zile chenga. NEF nyingi hubana vipimo ili kuokoa nafasi, na vikishabanwa, baiti moja inaweza kubeba mkia wa pikseli moja na kichwa cha nyingine. Kabla ya vipimo hivyo kuna kurasa za maelezo, na mara nyingi JPEG nzima iliyofichwa. Kijana aliiambia GIMP isome vyote hivyo kama rangi, ikamtii. Hata kama faili lisingebanwa na angepatia upana, angepata picha ya kijivu yenye vijiraba, kama anamtazama bibi harusi kupitia chandarua. Kile kistempu cha mwanzo nacho kina sababu yake: NEF imejengwa juu ya muundo wa TIFF, na GIMP ya zamani ilipoona dalili za TIFF ilifungua picha ya kwanza iliyoikuta ndani, ambayo ni kapicha kadogo ka pikseli 160 kwa 120.

Kumpata msomaji

GIMP yenyewe haijawahi kusoma mafaili ya kamera, na kuanzia toleo 2.10 la mwaka 2018 inawaachia kazi hiyo darktable au RawTherapee. Zote mbili ni za bure. Ukishaiweka mojawapo kwenye kompyuta, fungua NEF ndani ya GIMP kama faili lolote lile. Itajitokeza darktable, utarekebisha mwanga na mizani ya weupe, na ukifunga dirisha lake picha itahamia GIMP. Toleo hilo hilo la 2018 ndilo lililoiwezesha GIMP kufanya kazi zaidi ya biti 8 kwa kila rangi. Kabla ya hapo zile ngazi elfu kumi na sita zilikuwa zinasagwa kuwa 256 mlangoni, kwa hiyo anayekwambia GIMP haifai kwa RAW huenda anakumbuka enzi hizo, na enzi hizo alikuwa na haki.

Kwa Photoshop kisomaji kimo ndani, kinaitwa Camera Raw, na hujifungua chenyewe. Humo kuna mtego mmoja mdogo: chini ya dirisha kuna mstari unaotaja ukubwa na idadi ya biti. Ukiwa umesoma 8, bonyeza hapo ubadili kuwa 16 kabla ya kuendelea. Kuna mtego mwingine kwa wenye kamera za zamani. Kamera kadhaa za Panasonic zilihifadhi mafaili yake kwa kiishio cha .RAW, na Photoshop nayo ina aina yake ya data ghafi yenye kiishio hicho hicho. Mtu akichagua kwa mkono aina isiyo yake, anarudishwa kwenye lile dirisha la upana na kimo.

Shida kubwa zaidi kwa wengi wetu ni kamera mpya na programu ya zamani. Studio nyingi bado zinatumia Photoshop CS6 ya mwaka 2012, ambayo masasisho ya Camera Raw kwake yaliishia toleo 9.1.1 mwaka 2015. Unanunua kamera ya miaka ya karibuni, unafungua, inakataa. Watu wanabadili kiishio cha jina kutoka CR3 kuwa CR2, au hata kuwa JPG, wakitumaini itakubali. Haiwezi kukubali, kwa sababu kiishio ni kibandiko tu. Kisomaji kinahitaji kuijua kamera yenyewe: weusi wake uko wapi, vichujio vyake vimepangwaje, jedwali lake la rangi ni lipi. Hata aina moja ya faili kutoka kampuni moja hubadilika ndani kwa ndani kila modeli mpya inapotoka.

Na kampuni hizo hazichapishi siri za mafaili yao. Tunaweza kuyafungua nje ya programu zao kwa sehemu kubwa kwa sababu Mmarekani mmoja, Dave Coffin, alianza mwaka 1997 kuandika programu iitwayo dcraw, akichambua kamera moja baada ya nyingine na kutoa kazi yake wazi. Programu nyingi za leo zimechota kwake, moja kwa moja au kupitia LibRaw, mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine huuazima. Mwaka 2005 ilibainika kwamba kamera ya Nikon D2X inaficha kwa msimbo namba za mizani ya weupe ndani ya NEF. Thomas Knoll, mmoja wa waliobuni Photoshop, alilalamika hadharani, na Coffin akaufumbua msimbo huo. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito. Mpiga picha aliyesimama juani saa nane ndiye mwenye vipimo vile, na sioni haki ya mtu mwingine kumfungia yeye mlango wa kuvisoma.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2004, Adobe, kampuni ya Photoshop, ilikuwa imetoa DNG, aina ya faili ghafi ambayo maelezo yake yamechapishwa wazi na ambayo hubeba ndani yake jedwali la rangi la kamera husika. Leica na Pentax huitumia kwenye kamera zao, na simu nyingi zenye kamera ya kitaalamu huhifadhi RAW kwa DNG. Kwa mwenye CS6 hii ndiyo njia ya kutokea. Adobe DNG Converter ni ya bure, inazijua kamera mpya, na katika mapendeleo yake unachagua ilingane na Camera Raw ya zamani. Mafaili yatakayotoka yatafunguka. Usifute ya asili lakini, kwa kuwa programu za kampuni ya kamera huenda zisiipokee DNG uliyoitengeneza. Wa simu wasihangaike, programu za kuhariri picha kama Lightroom ya simu na Snapseed hufungua DNG. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha.

Rangi zimekwenda wapi?

Malalamiko haya nayasikia kila mara. Picha ilikuwa nzuri kwenye kioo cha kamera, na hata Lightroom iliionyesha nzuri kwa sekunde moja, kisha ikafifia mbele ya macho ya mtu. Wengine huamini kompyuta imeiharibu. Kilichotokea ni kwamba kwanza uliona ile JPEG iliyofichwa ndani ya faili, iliyotengenezwa na kamera kwa mtindo uliouchagua kwenye menyu, wenye rangi nzito na ukali. Kisha Lightroom ikamaliza kutengeneza picha yake kutoka kwenye vipimo, na hiyo imeanza na mkunjo wake wa kawaida, usiojua ladha ya Canon au Sony. Hakuna kilichopotea. Katika Lightroom na Camera Raw kuna orodha ya wasifu wa rangi, na humo kwa kamera nyingi utakuta mitindo inayofanana na ya kamera. Ichague kwanza, ndipo uanze kusogeza vitufe.

Jambo la kukumbuka ni kwamba vitufe hivyo havigusi faili la kamera. Marekebisho huandikwa pembeni: Camera Raw na darktable huweka kifaili kidogo chenye kiishio cha XMP karibu na faili la picha, na Lightroom huweka katika katalogi yake. Ukihamisha NEF kwenda kompyuta nyingine ukaacha XMP nyuma, kazi ya usiku mzima imebaki nyuma, na faili litafunguka kama siku lilipopigwa. Nimewahi kumkabidhi mteja folda ya namna hiyo, na ikabidi nirudi tena kwake kesho yake na flashi nyingine.

Yale mafaili ya sendofu yalifunguka, karibu yote, tulipoweka darktable. Manne yaligoma. Matatu yalikuwa mazima juu na ya waridi tupu kuanzia katikati, la nne halikuonyesha kitu. Ukubwa wao ulisema yote: mengine yalikuwa na megabaiti ishirini na kitu, haya yalikuwa nusu yake na pungufu. Nakala ilikatizwa kabla haijaisha, na kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta kwa ajili ya kazi iliyofuata. Vipimo vya nusu ya chini havikuwepo popote, na hakuna programu ya kuvitunga. Lakini katika NEF hizo JPEG iliyofichwa hukaa mbele, kabla ya vipimo. Tulitumia exiftool, programu ya bure inayosoma maelezo ya picha, tukaiamuru itoe JPEG ya ndani kutoka kila faili. Tatu zilitoka nzima, kwa upana wote wa kihisio, ingawa zimebanwa sana. Mojawapo ilikuwa ya mama akimfunga binti yake kilemba huku akilia. Iliingia kwenye albamu, ukurasa mzima.